Swali kwa Arnaut

Shangazi yangu Maylis aliolewa Lasarre, kijiji cha nyumba saba kwenye ubavu wa milima ya Pirenei, ambacho zamani kilikuwa jamhuri kamili. Ufaransa ilikimeza kabla babu zetu hawajazaliwa, lakini wenyewe hawakutaka kusikia habari hiyo. Waliendelea kupiga kura kwa kila jambo, hata mbuzi wa nani apite wapi. Sisi wa bondeni tuliwacheka, nao walitudharau.

Makaburi hawakuwa nayo, maana kule juu ni mwamba mtupu. Jeneza liliserereka kwenye mfereji wa mawe hadi kwetu, padri akalipokea. Lakini sheria ya jamhuri ilisema raia hafukuzwi nchini kwa nguvu. Basi kabla ya kukata kamba iliyolizuia jeneza, marehemu aliulizwa kama anakubali kuondoka. Akinyamaza, amekubali. Vizazi kwa vizazi walinyamaza.

Arnaut, mume wa Maylis, mchunga kondoo, alikutwa ameanguka kwenye theluji, mwili umepoa kabisa. Walimvisha, wakamlaza chali, na Peyrot seremala akapigilia misumari. Asubuhi mzee Bernat, mkuu wa kijiji, akainama juu ya jeneza na kuuliza lile swali.

Ndani pakagongwa.

Taratibu, kama mtu anayebisha hodi ukweni. Wote walisikia, na mbwa wakarudi nyuma. Maylis alirukia kifuniko kwa kucha zake, wakamshika. Hawakumshika kwa ubaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Jeneza lililopigiliwa halikufunguliwa ila kwa kura.

"Mzee Bernat, mume wangu anabisha," alisema. "Fungueni kwanza, mkutano baadaye."

"Tulia, mwanangu. Amekataa kuondoka, ni haki yake. Hapa hatumlazimishi mtu."

Wanaume wakaingia kwenye kikanisa chao kujadili. Marehemu akikataa, atakaa wapi? Kura yake itahesabiwa? Mmoja akasema Arnaut akiwa hai alibisha zaidi ya hapo, wakacheka. Nje, wake zao walimshikilia Maylis theluji ikiwadondokea. Akasikia kugongwa tena, kisha kukwaruza, kisha kukwaruza kidogo, kisha hakusikia kitu.

Walitoka wameamua kwamba kukataa kwake kunaheshimiwa, ila aulizwe tena ili kuthibitisha. Bernat akauliza. Kimya. Akavua kofia, akamshukuru Arnaut kwa kubadili mawazo, akakata kamba.

Maylis alishuka mbio kwa njia ya miguu, akaanguka mbele ya padri akimsihi afungue. Tukafungua. Arnaut alikuwa amelala kifudifudi.

Wa Lasarre walipofika, Bernat alisema mfereji ndio uliompindua. Peyrot alizitazama mbao zake mwenyewe.

"Nililipima mimi, mzee," alisema. "Mtu hageuki humo asipojigeuza."

Maylis akawageukia mmoja mmoja, akasema, "Haya, na hili lipigieni kura."

Hakurudi juu tena. Aliishi nasi, akifua nguo za watu, mpole, asiye na maneno mengi. Miaka ilipopita, jeneza la Bernat lilipoteremka, Maylis alidai lifunguliwe, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Alileta kigoda chake, akamshika mzee yule mkono, akakaa naye hadi kesho yake, asije akazikwa angali anataka kusema kitu.