Maranda niliyomtandikia chatu wangu yalivyotaka kunivunjia ndoa

Habari za jioni wakuu.

Hiki ninachoandika kimetokea nyumbani kwangu, hapa Ihumwa, na mke wangu anasoma humu. Kwa hiyo hata nikitaka kuwaletea chai ya uongo, siwezi.

Nafuga chatu. Bado mdogo, unene wake haujafika mpini wa jembe. Vibali ninavyo, kwa hiyo wale wa "mkuu utafungwa" pumzikeni. Na wale wa "ni wa utajiri huyo", laiti ingekuwa kweli, nisingekuwa naomba lifti kwenda kazini kila asubuhi.

Mke wangu, Mama Salma, ni Mrangi wa Busi, kule Kondoa. Alimkubali chatu kwa masharti mawili: nyumba isinuke, na mama yake asijue.

"Siku mama akimwona huyo mdudu, mmoja wenu anahama," alisema. Hakufafanua kama ni mimi au chatu, na mimi sikuuliza.

Sharti la kwanza ndilo lililonitia kwenye research ya matandiko.

Nilianza na mchanga wa korongoni. Nikajiambia nyoka wa nchi kavu mpe mchanga wa nchi kavu, shida iko wapi? Wakuu, mchanga unaganda kwenye panya, nyoka anameza panya na mchanga wake. Chatu akakaa siku kadhaa bila kupata choo, mimi nimekaa pembeni kama nauguza mzazi. Alipopona nikautoa wote.

Wazoefu wakaniambia tandika magazeti. Nikacheka. Nimechongesha sanduku zuri la mbao, wavu juu, taa ya joto, halafu nitandike magazeti kama meza ya muuza vitumbua? Mtu na heshima zangu!

Nikahamia kwenye maranda, na hapo nilijiona profesa kabisa. Nikamwambia seremala sitaki ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, sitaki vumbi la msumeno, sitaki mbao yenye harufu kali. Nataka maranda makavu, safi. Akanijazia gunia. Nikatandika mazito, kina cha kiganja kizima, chatu akazama humo akatulia. Harufu hakuna, nyoka haonekani, mke kafurahi.

Sasa vuteni picha, hasa ninyi wa Dodoma. Sanduku la mbao, liko stoo. Wavu. Taa inawaka mchana kweupe. Maranda ya kutosha. Aliyewahi kufuga kuku anajua anaangalia nini.

Mimi sikuona kitu, nilikuwa bize na research.

Jumamosi moja mama mkwe akatokea, siku moja kabla ya ile tuliyomtarajia. Mpango wetu ulikuwa chatu ahamie kwa rafiki yangu jioni hiyohiyo. Mimi nilikuwa kwa kinyozi. Mke akamkaribisha mama sebuleni, akakimbilia dukani kutafuta maziwa ya chai.

Nafika nyumbani, nakutana na mama mkwe anatoka stoo, uso umejaa furaha.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimewaletea vifaranga wa kienyeji. Kumbe bruda ya kuwalelea mnayo tayari! Nimeshawaweka humo, nimewamwagia na chenga za mchele."

Nikampita mbiombio.

Nikaingia stoo, mama nyuma yangu. Vifaranga walikuwa wamejazana chini ya taa, juu ya kichuguu cha maranda, wanadonoa chenga zao kwa raha. Kile kichuguu kilikuwa kinapumua.

"Mama, hiyo taa ina shoti, ngoja niwatoe."

"Itengeneze basi. Na haya maranda mbona hamgeuzi? Yakilala hivi yanaleta magonjwa," alisema, na mkono wake ukawa umeshaingia.

Wafugaji wa kuku mnajua, maranda lazima yageuzwe. Mama amefanya hivyo maisha yake yote. Nilitakiwa kupiga kelele pale pale, lakini aibu ya mkwe ilinifunga mdomo.

Mkono ukatoka na chatu.

Yowe alilopiga, nadhani hata waliokuwa kwenye treni inayopita hapa Ihumwa walilisikia. Majirani wakaingia na fimbo na majembe. Chatu yuko sakafuni kajikunja kama mpira, vifaranga wanakimbia huku na huku, na mke ndiyo anaingia na maziwa yake. Jirani mmoja akanyanyua jembe.

Nikasema mbele ya wote, "Msimuue. Ni wangu."

Jembe likabaki hewani, macho yote yakanigeukia. Mnaelewa maana ya kusema nyoka ni wako mbele ya mtaa. Nikasikia mtu nyuma ananong'ona, "Ndiyo maana alijenga haraka." Nikajua nimekwisha, na mke wangu na mtoto nimewatia doa hapo.

Mama mkwe akasogea mbele. Akajifunga mtandio wake upya, akanitazama mimi, kisha akawageukia wao.

"Mmemsikia. Ni mfugo wa mkwe wangu. Mimi mwenyewe nilikuwa namgeuzia maranda. Rudini makwenu, ahsanteni."

Wakaangaliana. Kama mama mkwe mtu mzima ndiye anatengeneza matandiko, uchawi uko wapi? Wakatoka mmoja mmoja, na yeye akasimama mlangoni mpaka wa mwisho.

Ndani hakunitukana. Alikaa, chai ikapoa mbele yake.

"Baba Salma, nilijua mnafuga kuku. Kumbe mnafuga siri. Angeniuma je?"

Mke akalia. Mimi nilitamani angenitukana tu, ingeniuma kidogo. Kesho yake mama akarudi Kondoa, na Mama Salma akasema uamuzi wa nani anahama anao mama.

Mafunzo sasa. Nimetandika magazeti. Yakichafuka unayatoa, hayana vumbi, choo unakiona, na nyoka unamwona alipo. Maranda ni mazuri, sikatai, lakini yanaficha, na kinachofichwa kuna mtu atakigusa bila kujua. Na ukweni waambieni mapema, haijalishi mnafuga nini.

Juzi mama kapiga simu. Kamsalimia mwanae, kisha akaomba nipewe simu.

"Huyo mfugo abaki. Ila mtoe stoo, mweke sebuleni. Mgeni akiingia amwone kabla hajakaa."

Akakata simu. Kwa hiyo ninavyoandika hapa, chatu yuko sebuleni, juu ya kurasa za michezo, kwa amri ya mama mkwe. Mama Salma amehamishia kiti chake uani. Mgeni pekee aliyethibitisha kuja ni mama mwenyewe, baada ya mavuno.

Wenye nyoka, mnatandika nini? Na wakwe zenu wanajua? Karibuni tuelimishane, matusi mnaweza kubaki nayo.