Wavu wa Omena na Beki wa Kushoto

Saa kumi na dakika kumi na saba alasiri, siku ya Jumapili, goli letu la upande wa kusini lilianza kutembea. Nasema kutembea kwa sababu sina neno jingine. Magoli ya Daraja, timu yetu ya hapa Migori, ni ya mabomba ya chuma, na hayajachimbiwa ardhini, kwa kuwa uwanja ule ule hutumiwa kwa mnada wa ng'ombe katikati ya wiki na lazima yaondolewe. Siku hiyo yalikuwa yamefungwa wavu mpya, na wavu huo ulikuwa wa kuvulia omena, wale dagaa wadogo wa ziwani. Matundu yake ni madogo kama ya chandarua. Upepo ulivuma kutoka mtoni, wavu ukajaa kama mashavu ya mpiga tarumbeta, na goli likarudi nyuma hatua kadhaa. Kipa wetu, aliyekuwa akitazama mbele kama alivyofundishwa, akabaki analinda hewa. Mpira ulitoka upande wetu wa kushoto, mahali ambapo hatukuwa na mtu, ukampita kipa, ukalifuata goli huko lilikokwenda, ukaingia. Refa alihesabu bao.

Hapo ndipo nilipoamua kusafiri. Makosa mawili yaliyotuangusha siku hiyo, upande wa kushoto usio na mtu na goli lenye miguu, yalizaliwa na uamuzi mmoja. Mwenyekiti wetu, Mzee Ogola, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuwa amempeleka Ouma kwa timu ya Mawimbi ya Homa Bay, na Mawimbi wakatupa wavu ule. Ouma ndiye beki wetu wa kushoto. Ndiye mchezaji pekee katika kikosi chetu anayejua kwamba mguu wa kushoto si wa kusimamia tu.

Haukuwa uamuzi wa kwanza wa aina hiyo. Msimu uliopita Mzee Ogola alisajili winga kwa sababu ana pikipiki na angeweza kuwabeba wenzake kwenda mazoezini. Ni kweli winga huyo alikuwa na kasi, lakini yote ilikuwa ya pikipiki.

Nilimfuata dukani kwake Jumatatu. Mimi ni fundi wa cherehani. Shule yangu iliishia darasa la nane na mengine nimejisomea, na kitabu cha sheria za mpira nimekisoma chote, pamoja na maelezo ya chini. Nilimweleza kwamba tumebakiwa na mechi moja, Jumapili inayofuata, nyumbani, dhidi ya Mawimbi hao hao. Tukishinda tunabaki katika ligi. Sare haitoshi. Bila Ouma, hatushindi.

"Timu bila wavu si timu," alisema, akiendelea kupima misumari. "Wageni walikuwa wanatucheka."

"Sasa wanatucheka na wavu, Mzee."

Aliweka misumari chini. "Fundi, wewe unajua kila kitu. Basi chukua wavu wako, uende, ulete Ouma wako. Kadi yake hata sijaituma. Nilisahau."

Kwa mara ya kwanza nilimshukuru Mungu kwa usahaulifu wa kiongozi. Kadi ya usajili ilikuwa bado kwetu. Huko Homa Bay Ouma alikuwa anacheza mechi za kirafiki tu.

Alhamisi alfajiri nilisimama kando ya barabara kuu, mbele ya soko, nikiwa nimebeba wavu umekunjwa ndani ya gunia. Niliyekuwa namsubiri ni Mama Boke, Mkuria wa Isebania, ambaye kila Alhamisi hupeleka vitunguu Homa Bay kwa pikapu yake na huiendesha mwenyewe. Nilikuwa nimemtengenezea cherehani ya binti yake, kwa hiyo nafasi ya mbele ilikuwa yangu bila maneno. Maneno yalikuwa kwa gunia.

"Fundi, hiyo kitu inanuka," alisema kabla ya salamu. "Weka nyuma."

"Nyuma kuna vitunguu vyako, Mama Boke."

"Vitunguu pia vinanuka. Watajuana huko."

Kati ya Migori na Awendo tulikwama nyuma ya trekta za miwa, na kwa vile hakukuwa na njia ya kuzipita, ilinibidi nimweleze habari yote tangu mwanzo. Alisikiliza bila kunikatiza, macho yake barabarani. Nilipomaliza alitikisa kichwa.

"Kwa hivyo mlitoa mtu, mkapata chandarua."

"Ni mkopo. Tulibadilishana kwa muda."

"Shemeji, sisi Wakuria tukitoa mtu aolewe, ng'ombe wanaingia bomani. Nyinyi Wajaluo mmetoa kijana mzima, mkaletewa nyavu ya omena. Na hata hiyo omena yenyewe haimo!"

Alicheka mpaka trekta ya mwisho ilipokata kona kuelekea kiwandani.

Rongo tuliteremka kunywa chai. Tuliporudi, tulikuta paka wawili wamelala juu ya gunia langu, wamejikunja kama watu waliolipa nauli. Mama Boke aliwafukuza kwa khanga. Mmoja aliondoka. Wa pili alijificha kati ya vitunguu, na hatukujua mpaka tulipofika njia panda ya Rodi Kopany, aliporuka na kutokomea kwenye vibanda vya soko. Rodi ni mbali na Rongo kwa paka. Nilimsikitikia, kisha nikafikiri kwamba pengine naye alikuwa amesajiliwa na timu ya huko.

Kutoka Rodi barabara inateremka, na baada ya muda ziwa linajitokeza chini, pana na la kijivu, na mlima Asego umesimama pembeni ya mji kama kofia iliyosahauliwa. Mtu wa Migori, aliyezoea mto anaoweza kurusha jiwe na kuuvuka, hushangaa kidogo hapo. Mimi nilitumia mteremko huo kupanga hoja zangu. Nilikuwa na hoja ya kwanza, ya haki. Ya pili, ya kiufundi. Na ya tatu, ya kuomba, kama mbili za kwanza zingeshindwa.

Homa Bay, ufuoni, nilimkuta Madam Akinyi, mweka hazina wa Mawimbi, ambaye kazi yake ni kukausha na kuuza omena. Alikuwa ameinama, anageuza omena kwa ufagio, na zilikuwa zimetandazwa juu ya mchanga mtupu. Korongo wakubwa wenye vipara walisimama karibu wakimtazama kama wakaguzi. Nilimsalimu, nikajitambulisha, nikafungua mdomo kwa hoja ya kwanza.

Aliona gunia. "Yawa! Nyavu yangu!"

Alininyang'anya, akaufungua wavu pale pale, akaanza kuutandaza.

"Jaduong', mzee wangu, nilikuwa ninaanikia hapa juu yake," alisema. "Kocha akasema tunataka beki, nikampa bila kufikiria. Sasa tangu tuchukue huyo kijana wenu, wateja wangu wanatafuna mchanga. Mama mmoja wa Oyugis amenirudishia debe mzima. Ati jino limevunjika! Chukua mtu wako. Chukua hata leo."

Hoja zangu tatu zilibaki kama nilivyozipanga, hazijatumika hata moja. "Lakini Jumapili tunacheza na nyinyi," nilisema, maana sikutaka kushinda kwa hila.

"Sisi hatupandi, hatushuki. Tunakuja tu kuuza omena." Alisimama, akajifuta mikono. "Kwani nyavu ilikuwa na shida gani huko?"

Nilimweleza habari za upepo na goli kutembea.

"Na si mngeweka mawe juu ya hizo pipe? Migori yote ni mawe. Watu wanavunja mawe huko mpaka wanapata dhahabu. Mlikosa mawe mawili ya kukalia goli?"

Nilishika pembe ya pili ya wavu, nikamsaidia kuutandaza.

Adhuhuri tulikaa kivulini, kwenye kibanda chake cha mabati, tukala samaki kwa kuon, ugali mgumu wa mtama, tukingoja mazoezi ya Mawimbi yaanze. Nakiri kwamba hiyo ilikuwa saa tamu kuliko zote katika safari. Niligundua kuwa Madam Akinyi anateseka kama mimi. Kocha wao ana manahodha wanne ili mtu yeyote asikasirike, na refa akimwita nahodha, wanakwenda wote. Nilimsimulia kuhusu winga wa pikipiki, naye akanisimulia kuhusu kipa wao anayeogopa mvua. Kila aliposema jambo nililiona la Migori, na kila niliposema langu, aligonga meza na kusema, "Hata sisi! Hata sisi!" Watu wanaosema ushabiki huleta uadui hawajawahi kuketi na mshabiki wa timu nyingine mbovu.

"Na Ouma?" niliuliza. "Anacheza vizuri?"

Aliangalia pembeni. "Wamemweka mbele."

"Mbele?"

"Kocha anasema mtu mrefu ni wa mbele."

Tulimkuta uwanjani saa tisa, kweli yuko mbele, amelipa goli mgongo, anatafuta mpira kama mtu aliyedondosha funguo gizani. Aliponiona alikuja mbio.

"Fundi! Umekuja kuniona?"

"Nimekuja kukurudisha."

Hakufurahi kama nilivyotarajia. Alichora mchanga kwa kidole cha mguu. "Lakini mzee, huku nakula samaki daily. Kwa Madam. Huko kwenu ni sukuma na story za chairman."

"Utacheza kushoto," nilisema. "Beki. Mahali pako."

Alinyanyua macho. "Kushoto kabisa? Si ati utafika hapo kocha aanze maneno mingine?"

"Kushoto kabisa."

Akavua ile jezi ya Mawimbi, akamkabidhi Madam Akinyi kwa mikono miwili, akamwambia asante kwa samaki. Madam alimwambia akiwafunga bao Jumapili, atamnyima omena maisha yake yote.

Jioni tulirudi na Mama Boke. Vitunguu vilikuwa vimeisha, na Ouma alijilaza nyuma juu ya magunia matupu. Mama Boke alimkagua kwa kioo kuanzia Rodi hadi Rongo, kisha akatoa maoni yake.

"Ni mrefu. Hata ng'ombe kumi na tano angeleta. Na nyinyi mlikuwa mmempatia omena!"

Nilicheka naye. Nilikuwa nimefanya kile ambacho mwenyekiti, kocha na kamati nzima hawakuweza. Niliona mashamba ya miwa ya Awendo yakipita kwenye giza, na niliamini tumeshabaki katika ligi.

Jumapili, uwanja wa mnada, Mawimbi walifika mapema wakiwa na Madam Akinyi na magunia yake ya omena, yamefunikwa kwa ule wavu. Refa alitazama magoli yetu matupu, akasema angependelea yawe na wavu, kwa maana macho yake si ya jana.

Madam Akinyi alisogea. "Ninaweza kuwakodishia hii. Mia tano tu. Na mawe mtatafuta wenyewe."

Mzee Ogola aliingiza mkono mfukoni. "Tulipe tu, Fundi. Ni mia tano."

Ningenyamaza, ningekuwa mtu mwingine leo. Lakini nilimkumbuka Mama Boke na kicheko chake, na nikaona si haki kulipa pesa kwa kitu nilichotoka kukirudisha bure siku tatu zilizopita. Nikafungua kitabu cha sheria, nikamwonyesha refa kwamba wavu unaweza kufungwa kwenye goli, ila si lazima, na kanuni za ligi yetu hazisemi lolote.

"Sawa," refa alisema. "Lakini nitakachoamua, mtakubali."

"Tutakubali," nilisema, kwa niaba ya Migori nzima.

Hakukuwa na upepo kabisa. Jani halikutikisika. Ouma alicheza kushoto, mahali pake, na kwa mara ya kwanza msimu ule hakuna mtu aliyepita upande huo. Dakika zikaenda, bila bao. Karibu na mwisho, aliupata mpira mbali sana, akatazama mara moja, akaupiga kwa mguu wa kushoto. Uliruka juu ya kila mtu, ukashuka ndani ya goli, mkono mmoja tu kutoka kwenye mlingoti, ukapita moja kwa moja na kugonga zizi la mnada nyuma. Tulirukaruka. Niliona Mzee Ogola akimkumbatia kocha.

Refa alikuwa mbali. Aliangalia goli akitafuta mpira umelala wavuni. Hakukuwa na wavu. Alimwuliza msaidizi wake, naye akajibu kwamba alikuwa anaangalia kuotea. Nyuma ya goli, mahali pa kuona vizuri kuliko wote, walikuwepo ng'ombe watatu tu, na hakuna aliyewauliza. Refa akanyoosha mkono: umetoka nje, kipa apige.

Mechi iliisha sufuri kwa sufuri. Tumeshuka.

Madam Akinyi alikunja wavu wake taratibu. Alipokuwa anapita kando yangu alinigusa bega na kusema, "Hata sisi, jaduong'. Hata sisi." Ouma alipewa omena kilo mbili, kwa kuwa rasmi hakufunga.

Nilichojifunza katika safari hii ni kwamba kiongozi anayekosea anahitaji mshabiki anayemkosoa, na mshabiki huyo naye anahitaji mtu wa kumshika mkono anapofungua kitabu. Jioni ile, mbele ya wanachama wote, Mzee Ogola aliniuliza kwa upole kama basi kuna faida yoyote ninayoweza kuwaambia watu. Nilisimama nikawaambia ukweli. Tumeokoa shilingi mia tano.