Mwanzi wa Kuvulia Kijitoni

Jirani yangu, mama mmoja mpole, huvua kambare katika kijito kilicho nyuma ya mashamba yetu hapa Bongwe. Kila msimu, kabla ya kufunga ndoana, huulaza mwanzi wake juu ya maji, ukingo hadi ukingo, na kipande kinachozidi hukikata kwa panga, maana mwanzi mrefu hunasa vichakani. Ujanani mwangu hapakuwa na mwanzi uliofika ng'ambo. Siku hizi kila shamba lina pampu inayovuta maji ya kijito. Juzi aliulaza, akasita.

"Mbona hukati?" nikamuuliza.

"Nikiukata tena, babu, utakuwa bakora yako."

"Na kitoweo?"

Aliukata, akanipa kipande, akachutama topeni na kutosa ndoana katika maji yaliyobaki.