Jino Lililonilaza Miguu Juu

Mcheke tu, nimeshazoea. Wanawake walioniona siku ile karibu wote wameshazikwa, na kama nisingekuwa nawakumbuka kwa mapenzi makubwa ningeenda na haya kaburini, maana hakuna mtu mzima anayependa kusimulia jinsi alivyokamatwa na pamba shavuni.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mzungu bado yuko, na mimi nilikuwa mama wa watoto saba huko Sirisia. Baada ya yule wa saba kizazi changu kilishuka. Leo nasema waziwazi kwa sababu nimezeeka, lakini wakati ule hata mume wangu nilimwambia nikiwa nimempa mgongo. Nikibeba mtungi kinatoka, nikipalilia kinatoka, na kanisani niliacha kabisa kuimba kwa nguvu (na sauti nilikuwa nayo, nyinyi hamkunisikia tu). Hospitali moja ya Kitale ikasema kitarudishwa mahali pake na nyama za chini zilizolegea zikazwe, ila daktari wa kupasua alikuwa anakuja siku mbili tu kila mwezi, na ukikosa zamu unarudi kwa mtungi wako. Basi nikafunga nguo zangu, na akina mama wa kanisa waliponiuliza naenda Kitale kufanya nini, nikasema naenda kung'oa jino.

Hospitalini walinitayarisha siku tatu. Walininyoa (msiniulize wapi), wakanipiga bomba mpaka tumbo likawa jepesi, wakaweka matofali chini ya kitanda upande wa miguuni, nikawa nalala miguu juu kichwa chini ili uvimbe upungue. Asubuhi ya kupasuliwa, sista wa wodi, msichana mwenye sauti ya kuita ng'ombe, akaniambia nisitie kitu mdomoni, hata maji. Nikasema ndiyo sista.

Saa nne hivi nikageuza shingo dirishani nikaona vitambaa vyeupe vinashuka kutoka kwenye lori la mahindi. Akina mama tisa wa kanisa, na mbele yao mama mkwe wangu, mwanamke asiyecheka ovyo, niliyemwogopa kuliko chifu. Wamekuja kuliona jino! Nikanyakua pamba kwenye sinia la sista, nikaijaza shavuni, nikajifunga leso kuzunguka taya.

Wakaingia, wakaimba, wakaliombea jino langu kwa machozi. Mmoja akauliza mbona nimelazwa miguu juu, nikamjibu kwa ulimi mzito kwamba daktari anataka damu ikimbilie jino, na wakakubali, maana mambo ya Wazungu nani angeyabisha. Kisha mama mkwe akafungua kibuyu cha uji wa wimbi. Kwetu mtu hampelekei mgonjwa chakula akaenda zake. Unasimama pale mpaka uone kimeshuka, la sivyo unarudi nyumbani na habari kwamba fulani anakufa.

"Kunywa, Mama Nafula," akasema. "Hii uji haitaki meno."

Hapo ndipo ningesema ukweli. Badala yake nikapiga funda moja la heshima, na kwa kuwa kichwa kiko chini na pamba iko shavuni, uji ulinipandia puani, nikakohoa, pamba ikaruka ikatua mapajani kwa mama mkwe. Sista akaja mbio, akakiona kibuyu.

"Mama, si nilikuambia usikule kitu? Sasa daktari atashona hiyo kizazi yako namna gani na tumbo iko na uji?"

Wodi nzima ilisikia, na nadhani hata dereva wa lori. Nikajifunika shuka nikalia, na si kwa aibu peke yake. Nililia kwa sababu niliona zamu yangu inaniponyoka.

Nikangoja wanicheke. Hakuna aliyecheka. Nikamsikia mama mkwe, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kuisikia kwake, akimuuliza sista, "Hiyo kitu, ati inashonwa?"

"Ndiyo, mama."

"Hata ya zamani?"

Sista akauliza ya zamani kiasi gani.

"Tangu nizae bwana ya huyu."

Mume wangu wakati huo alikuwa ameshaanza kuota mvi.

Daktari alinigombeza, akanisogeza siku yake ya pili, wa mwisho kabisa, na nikapona. Toka hapo niliapa kwamba ugonjwa wangu nitautaja kwa jina lake, akasirike atakayekasirika. Miezi miwili baadaye nilimpeleka mama mkwe Kitale mimi mwenyewe, na kila mtu njiani aliyetuuliza tunakwenda kutibiwa nini nilimwambia, huku mwenzangu ananifinya mkono ninyamaze, naye anacheka.