Nilimukana Mama Mukubwa kwa Kalamu Yangu

Usinihurumie. Ninasema mbele kabisa: kosa ni langu mimi mwenyewe, hakuna shetani aliyenishika mukono. Ninajichukia, basi.

Kazi yangu ni uuguzi. Nilidunga watoto sindano miaka mingi, kisha nikarudi masomoni kujifunza kutunza wagonjwa wa akili. Ilipofika wakati wa staje, yaani mazoezi ya kazi hopitalini, mwalimu akasema kila mutu achague hopitali yake. Kasongo nafasi ilikuwapo, na kwetu iko palepale Kasongo. Mimi nikachagua Kabambare! Wenzangu wakacheka: «Weye, na ile barabara ya matope, unafuata nini kule?» Nikawaambia ninataka kuona wagonjwa wa vijijini.

Uongo mutupu!

Mama mukubwa, dada ya mama yangu, ndiye aliyenilea mama alipokufa. Kisha akili yake ikaharibika. Nilikuwa na muchumba, wazazi wake wanajitayarisha kuleta mahari, na nilikuwa nimewaficha hiyo habari. Nikaogopa pale hopitali ya Kasongo mutu aseme, «Hata kwao huyu wazimu iko.» Familia ilikuwa imemupeleka mama mukubwa kwa mujomba, Lusangi, upande uleule wa Kabambare. Nikajisemea, Kabambare hakuna anayetujua. Aka, ujinga gani ule!

Wiki ya pili, motari mumoja, mwenye kubeba watu kwa pikipiki, akashusha mwanamuke mbele ya hopitali. Alikuwa amemukuta kwenye njia ya Lusangi anatembea peke yake, miguu imepasuka, kitenge kinanuka mikojo. Nikaziba pua. Ndiyo, mimi na koti langu jeupe, nikaziba pua! Akainua uso.

«Mwana wangu,» akasema, «umekula?»

Ndivyo mama mukubwa alivyoniuliza kila siku nikitoka masomo.

Mukubwa wetu wa kazi, muzee mumoja mupole tuliyemuita papa, akanigeukia. «Unamujua? Hapa mugonjwa anahitaji mutu wa familia wa kumupikia na kumulinda.»

«Hapana, papa. Simujui.»

Nilisema hivyo, na macho makavu. Papa akanipa fishi, karatasi ya habari za mugonjwa, nimuandike. Nikaandika: «Anaamini kwamba muganga wa staje ni mutoto wake. Si kweli.» Muganga wa staje ndiye mimi; kwetu muuguzi naye anaitwa muganga. Mama wee! Ule mukono ungekatika!

Kila asubuhi alinisalimia, «Mwana wangu, umekula?» Kila asubuhi nikaandika. Papa akasoma fishi, akaona ugonjwa unazidi, akaongeza dawa. Mate yakaanza kumutoka, mikono ikatetemeka, kijiko kikamushinda. Wengine walipikiwa na ndugu zao. Yeye alikula mabaki ya sombe, majani ya muhogo, ya mama mumoja aliyekuwa akilinda mugonjwa kitanda cha pili. Mimi nilikula kwangu, nikashiba.

Siku moja nikamusikia anamuambia yule mama, «Yule ni mutoto wangu, alikuwa anaogopa radi sana.» Yule mama akamunongoneza, «Nyamaza, dada. Ukisema vile ndipo wanakudunga.»

Toka siku ile hakuniita tena mwana wake. Nami, shenzi mimi, nikaandika: «Anaendelea vizuri.»

Papa akanisifu mbele ya wenzangu. «Tazameni namna anavyoandika, hakuacha hata neno moja.» Nikapata pointi kuliko wote.

Staje ilipokwisha nilimuacha pale, nikarudi Kasongo, nikashindwa kulala, nikamueleza muchumba wangu yote. Akaniambia, «Habari ya mama mukubwa ninaijua zamani. Kasongo si kubwa. Nilikuwa ninangoja useme wewe mwenyewe.» Lakini habari ya fishi hakuijua. Akaniangalia kama vile ninanuka, akaondoka. Hakuna mahari iliyokuja.

Nikapanda pikipiki, nikarudi Kabambare, nikamuungamia papa. Hakunitukana. Heri angenitukana! Alichukua ile fishi, akapiga musitari juu ya maneno yangu, akamuita mama mukubwa barazani.

«Mama, huyu unamujua?»

Akanitazama. Kisha akatazama mikono ya papa, aone kama imeshika sindano.

«Huyu ni muganga,» akasema. «Mimi sina mutoto.»

Nikaanguka pale chini, nikalia, nikamuita mama, mama! Akarudi nyuma, akajificha mugongoni mwa papa.

Sasa mama mukubwa iko nyumbani kwangu. Dawa imepunguzwa, mikono imetulia, anatwanga sombe, anacheka na majirani. Watoto wa jirani wakipita anawauliza kama wamekula. Mimi ananiita Muganga. Nikitoka kazini ananipisha mulangoni, macho chini, na haniulizi kitu.

Wewe unayechagua hopitali ya staje leo, usichague pa kujificha. Na mugonjwa akikuuliza kama umekula, weka kalamu chini kwanza, umujibu.