Shemeji na Begi Lake la Kamera

Shemeji yangu kaibiwa kamera leo hapa Brussels, na huruma nimeikosa.

Asubuhi tulipita Matonge, mtaa wa Wakongo, saluni kwa Maman Béa, Mkongo anayenisuka.

Akamwambia shemeji kwa upole, "Papa, acha sac yako hapa, mwende mukule kwanza."

Shemeji akalikumbatia begi. "Watu wa huku siwaamini," akaniambia, kwa sauti, mbele yake. Aibu niliyoona mimi.

Mchana, stesheni, mzungu mmoja mwenye suti akamwonyesha doa kwenye koti. Hata kitambaa akampa.

Shemeji akaweka begi chini, akavua koti, akafuta, akashukuru.

Kugeuka, begi halipo. Mwenye suti naye hayupo.

Polisi wakamuuliza mtu huyo yukoje.

"Alikuwa mstaarabu sana," akajibu.

Niambieni, nicheke sasa au nisubiri apande ndege?