Simu Imelijua Gari Kabla Yangu

Leo nimeenda Iringa kuchagua gari, simu yangu ikalitambua kabla yangu.

Gari lenyewe ni Mjerumani mweusi wa mkononi, viti vya ngozi, ana hadi kitufe cha sport. Dalali anamsifia, "Dada, ukiikanyaga hii, Ilula unaipita bila kuziona nyanya za barabarani."

Nikawasha. Simu ikajiunga yenyewe na redio ya gari.

Kwenye skrini, majina mawili. Langu, na "Simu ya Baba".

Gari hili lilikuwa letu, na lilikuwa jeupe tulipoliuza ili Baba atibiwe. Hakupona.

Nimekaa tu, mikono kwenye usukani. Sijalia, kwa hiyo msinipe pole. Niambieni tu, nyie mngelinunua?

Dalali akachungulia skrini. "Hayo majina ya zamani nikufutie?"

Nikamwambia futa langu, la Baba liache.